Mbuzi wa Mama na Simbilisi wa Hospitali

Mama yangu hakuwahi kumpa mwanamke mwenye mimba dawa ambayo haijapita kwanza katika tumbo la mbuzi. Nalisema hili mapema kwa sababu nimechoka na watu wanaodhani wazee wetu walichimba mizizi ovyo na kumnywesha yeyote aliyepita njiani. Nyumbani kwetu, upande wa Kabambare, mzizi mpya ulipotoka msituni ulipikwa, ukapozwa, akanyweshwa mbuzi jike mwenye mimba. Kisha tulingoja. Mbuzi akizaa salama, wanawake waliruhusiwa kunywa. Akiharibu mimba, mzizi ulitupwa mtoni na hakuna aliyeuzungumzia tena.

Mama alikuwa mkunga wa vijiji vyetu kabla mimi sijazaliwa. Mimi nikawa mkunga msaidizi hospitalini Kasongo, enzi za Wabelgiji, baada ya kufundishwa na masista. Nina majivuno, na sioni sababu ya kuyaficha katika umri huu. Nilipokwenda nyumbani likizo nilivaa aproni yangu nyeupe na kupita katikati ya barabara ili kila mtu anione. Mama alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Hii nguo yote nyeupe ni ya kuzalishia?" aliuliza. "Damu ikiruka utafanya nini?"

Alikuwa ananitania. Siku ya kuondoka nilikuta ameifua na kuipiga pasi ya makaa kwa mikono yake mwenyewe, na hakumruhusu mtu mwingine kuigusa.

Katika dawa zake zote, kulikuwa na mzizi mmoja aliouamini kuliko mingine. Ganda lake lilikuwa jekundu, na harufu yake kali ilikaa mdomoni mwa mnywaji hata alale na kuamka. Wanawake waliunywa mara tu walipojua wana mimba. Ulizuia kutapika, na ilisemekana unamfanya mtoto ashike vizuri tumboni. Mbuzi wa mama alikwisha kuunywa zamani, akazaa mapacha wanene. Baada ya hapo nani angeuliza tena?

Niliuliza mimi, na pua yangu ndiyo iliyonianzishia. Wanawake wa upande wetu walipokuja kujifungulia Kasongo, baadhi yao walizaa watoto wadogo mno, na wengine walizaa watoto waliokwisha kufa. Nilipoinama kuwafuta jasho nilinusa mzizi wa mama. Si wote. Wengine walinukia vilevile na wakazaa watoto wenye afya, ndiyo maana hakuna aliyeshuku. Hata mimi nilijitahidi kutoshuku. Shuleni tulifundishwa kwamba kondo la nyuma ni ukuta, na kwamba kinachomdhuru mama hakipiti kumfikia mtoto. Vitabu vya wakati ule vilisema hivyo, nami nilikuwa nimevikariri kama sala.

Ndipo ikaja habari ya yaya wangu, dada yangu mkubwa. Alikuwa ameolewa na familia ya Waislamu, wakulima wa mpunga karibu na Kabambare, watu wema lakini wenye macho makali. Mimba mbili zilikuwa zimemtoka, zote akinywa dawa ya mama. Sasa alikuwa na ya tatu, na mama alikwisha kuchimba mzizi. Niliomba ruhusa, nikapanda lori la wanunuzi wa mpunga, nikafika nyumbani nikiwa mwekundu wa vumbi kuanzia nywele hadi viatu.

"Unasema dawa yangu inaua batoto?" mama aliniuliza nilipomaliza kueleza.

"Sisemi, Mama. Ninauliza."

"Mbuzi ilishakunywa. Ilizaa mapacha, na weye mwenyewe ulikula nyama yao siku ya Noeli."

"Nilikula, Mama. Lakini ni mbuzi moja tu. Kasongo tuko na simbilisi wengi. Tuwape, tuone."

"Panya?" Mama alitema mate pembeni. "Dawa ya mama yangu muzazi, unataka kupatia panya?"

Tuligombana mpaka majirani wakaacha kutwanga. Mimi nina hasira za karibu, naye ndiye aliyenizaa nazo. Mwishowe alikaa chini, akaugeuzageuza ule mzizi mapajani mwake. Nadhani lile swali lilikuwa linamla yeye kabla halijanila mimi, kwa sababu zile mimba mbili zilizotoka zilikuwa wajukuu zake. Akaufunga mzizi katika kitambaa.

"Twende. Lakini nitapika mie mwenyewe. Sitaki mutu wa lopitali aharibu dawa yangu, halafu aseme ni mbaya."

Tulipitia kwa yaya. Tulimkuta ameinamia beseni, amekonda, macho yamemwingia ndani. Mama alimwambia asinywe chochote cha mizizi mpaka sisi turudi. Yaya alilia. Alisema mimba zilizopita angalau zilikuwa na dawa ya kuzishikilia, na hii je, itashikwa na nini? Mama alimfuta uso, akaniambia twende tukatafute lori.

Simbilisi ni mnyama mdogo asiye na mkia, mnene, anayepiga miluzi akisikia majani yanakatwa. Watu wengine huwafuga jikoni kwa ajili ya nyama. Hospitalini waliwekwa kwa ajili ya kupima damu ya wagonjwa wa malale, na mimi nilikuwa nimejipendekeza kwenye banda lao tangu mwaka wa kwanza. Niliwapenda kwa sababu moja kubwa: mtoto wa simbilisi huzaliwa na manyoya yake, macho wazi, na hutembea siku hiyohiyo. Kwa hiyo aliyeharibika tumboni huonekana mara moja. Vidole vyangu vilijua kuhisi vitoto tumboni mwa mama yao kabla tumbo halijatokeza. Daktari mwenyewe alikuwa akiniita nimhakikishie, na kila aliponiita nilitembea taratibu ili wenzangu wapate nafasi ya kuona.

Daktari alikuwa Mbelgiji mrefu asiye na subira, aliyeongea Kiswahili chetu kwa haraka na makosa. Nilimweleza kila kitu. Hakucheka. Alisema majike yapo ya kutosha, tuyatumie, ila dawa ipimwe kwa uzito wa mnyama, kwa sababu kikombe cha mwanamke kingemzamisha simbilisi. Tena nusu ya wanyama wanywe maji matupu.

"Kwa nini maji?" mama aliniuliza pembeni. "Si ni kupoteza wanyama?"

"Kama wote wakiharibu mimba, wa dawa na wa maji, tutajua ni banda lenye ubaya, si mzizi."

Alifikiri kidogo. "Ni sawa na mbegu ya mpunga," akasema. "Ukipewa mbegu mpya, unaacha mustari moja wa mbegu ya zamani kando. Kama sivyo, hautajua kama ni mbegu ao ni mvua."

Ningependa wale wanaotucheka wangekuwepo kumsikia. Mimi ilinichukua nusu mwaka wa shule kuelewa jambo hilo, naye alilielewa akiwa amesimama mlangoni, mkononi ameshika sufuria.

Basi tukaanza. Mama alihamia katika chumba changu kwenye kambi ya wafanyakazi. Kila asubuhi alipika mzizi, nami nikamdondoshea kila simbilisi wa dawa sehemu yake mdomoni kwa bomba dogo la sindano. Wa maji walidondoshewa maji. Siku chache tu baadaye, tukiwa tunakula, mama aliniambia kwa furaha kwamba mambo yote sasa yanakwenda vizuri, kwa sababu ameondoa kijicho bandani.

"Kijicho gani?"

"Bale wa maji walikuwa wananiangalia. Nimebapa bote dawa, kidogo kidogo, wakati weye uko kule kuzalisha wanawake."

Kwetu, dawa ya mimba ikipikwa uani, kila mwenye mimba katika ua ule huinywa, mke mkubwa na mke mdogo, asije mmoja akasema amenyimwa. Mama alikuwa ameishika desturi hiyo maisha yake yote. Hakuona kwa nini avunje adabu kwa sababu tu wenye mimba safari hii walikuwa na miguu minne.

Nilipiga kelele. Niliwaita mababu zetu waliokufa, wa kwa baba na wa kwa mama, waje washuhudie. Daktari alikuja mbio akidhani kuna mtu amekufa, na alipoelezwa alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi sikucheka. Ilibidi kutafuta majike mengine na kuanza upya, na tumbo la yaya halikuwa na kazi ya kutungoja.

Mama alinuna siku nzima. Kesho yake alitangulia bandani, akafunga kipande cha kitambaa chekundu kwenye kila kizimba cha dawa, akaweka kiti chake katikati ya pande mbili. Tangu hapo hakuna aliyesogelea wale wa maji bila kuhojiwa. Hata daktari aliulizwa siku moja ameshika nini mkononi, akafungua kiganja kumwonyesha kuwa ni kalamu.

Mimba ya simbilisi ni ndefu kwa mnyama mdogo namna ile, inapita miezi miwili. Katikati ya kungoja, dereva wa lori alileta maneno kutoka kwa baba mkwe wa yaya. Alisema mkwe wao anatapika mpaka nyongo, na mama yake mzazi amemnyima dawa, amekwenda kuwapa panya Kasongo. Dereva aliyasema mbele za watu, sokoni, kama alivyoagizwa. Mama alimjibu kwamba wangoje.

Jioni ile, tukiosha vyombo, aliniambia: "Mimba hii ikitoka, watasema nilinyima mutoto wangu dawa. Na hawa wanyama wako wakiharibu, watasema nilimupa sumu mara mbili. Hakuna mulango wa mie kupita."

Nilitaka kumtuliza, lakini sikuona uongo uliofaa. Alikuwa amesema kweli tupu. Jina lake lote la ukunga lilikuwa ndani ya vile vizimba, na mtoto wa yaya alikuwa humohumo.

Wa maji walizaa kwanza. Watoto wao walitoka na manyoya laini, wakasimama, wakaanza kutafuta majani. Mama aliwashangilia kwa vigelegele, nikamwambia apunguze kwa sababu kuna wagonjwa. Kisha zikaja siku za wale wa kitambaa chekundu. Wengine niliowahisi kwa vidole kuwa wana mimba hawakuzaa chochote, matumbo yalinywea tu. Wengine walizaa watoto waliokufa, wadogo kama kidole gumba, hawana manyoya, macho yamefungwa. Ni jike moja tu lililozaa wazima, na mmoja wao hakuweza kusimama.

Nilimwita daktari. Mama alikuwa amekwisha kuona. Alikuwa ameweka kimoja katika kiganja chake na anakigeuza polepole, kama anavyogeuza kila mtoto anayempokea.

"Bwana munganga," alisema bila kuinua macho, "kama mbuzi ilinidanganya, nani amekuambia panya yako inasema kweli?"

Daktari alichuchumaa, na magoti yake marefu yakafika masikioni.

"Mbuzi iko na matumbo mengi, Mama. Dawa inachacha humo kwanza, pengine ubaya wake unakufa mbele ya kufika kwa mutoto. Simbilisi iko na tumbo moja kama sisi. Lakini simbilisi si mwanamuke. Mimi siwezi kuapa."

"Sasa?"

"Sasa moja anasema njia iko salama, mwingine anasema kuna shimo. Kama unabeba mutoto, utasikiliza nani?"

Mama alikilaza kile kitoto juu ya majani. Kisha akasema: "Bale wawili wa yaya yako." Alikuwa anaongea nami.

Daktari alimwambia hakuna mtu anayeweza kujua hilo. Alisema mimba hutoka kwa malaria, kwa homa, kwa mambo mengi. Hata ule ukuta wa vitabu, alisema, yeye mwenyewe sasa hana hakika nao.

"Weye haujui," mama akamjibu kwa upole. "Mie ninajua mukono gani ulibapa kikombe."

Hakulia pale. Aliomba sabuni, akasugua sufuria, akawasha moto nyuma ya banda na kuuchoma mzizi wote uliobaki. Mimi ndiye niliyelia. Nililia kwa huzuni ya wale wajukuu, na katikati ya huzuni hiyo kulikuwa na fahari ambayo sijawahi kuipata tena kwa kitu chochote. Nimeona watu wazima wenye vyeti wakitetea kosa lao mpaka linaingia kaburini pamoja nao. Mama yangu, asiyejua kusoma hata ubao wa dukani, alipewa jibu asilolitaka na akalipokea.

Tulirudi Kabambare kwa lori. Mama hakutaka kupitia nyumbani kuoga. Alikwenda moja kwa moja kwa wakwe wa yaya, akaomba wote waitwe, akasimama uani mbele ya baba mkwe mwenye kofia yake nyeupe.

"Dawa yangu ni mbaya," alisema. "Nilimupa mukwe wenu mara mbili, na nadhani ndiyo iliwatoa batoto wenu. Sikujua. Sasa najua. Asikunywe tena, na mutu mwingine asikunywe."

Mama mkwe wa yaya alijifunika uso kwa kitenge na kuanza kuomboleza. Kijana mmoja wa ukoo alitamka neno ambalo sitaliandika. Baba mkwe aliinuka, akaingia ndani na kufunga mlango. Mama alibaki amesimama pale mpaka vumbi la maneno likatulia, ndipo akatoka.

Halafu akaenda nyumba kwa nyumba. Alikumbuka kila mwanamke aliyempa mzizi ule. Alipiga hodi, akakaribishwa, akasema maneno yaleyale. Wengine walimshukuru. Wengine walimfukuza. Mwanamke mmoja aliyezaa mfu mwaka uliotangulia alimtemea mate miguuni, na mama akamwambia, "Ni haki yako," akangoja kama kuna zaidi. Nilitembea nyuma yake na aproni yangu, nimembebea mfuko, na nilimtazama kila mtu usoni ili ajue kwamba huyu ni mama yangu mzazi.

Baada ya hapo hakuna aliyemwita kuzalisha. Wanawake walipita kwake wakienda kwa wakunga wengine, na yeye akawa wa shamba tu, mpunga na pamba tuliyolazimishwa na serikali kulima. Hakulalamika. Mimi nililalamika kwa niaba yake kila nilipopata msikilizaji.

Kutapika kwa yaya kulikwisha kwenyewe. Nilikuwa nimemwagiza ale kipande cha muhogo mkavu kabla hajainuka kitandani, na anywe maji yaliyochemshwa kidogo kidogo, basi. Tumbo likakua. Wakati wa kujifungua ulipokaribia mvua ziliharibu barabara, akashindwa kuja Kasongo, kwa hiyo nikaenda mimi. Wakwe walinipokea kwa heshima na kunitandikia mkeka mpya. Walitaka mkunga wa hospitali.

Uchungu ulimwanza yaya asubuhi, baada ya jua kutoka. Nilikuwa nimepanga vitu vyangu vyote aliponishika mkono.

"Hapana weye. Muniitie Mama."

Mama mkwe alitazama mlangoni, alipokuwa amesimama mumewe. "Yule?" aliuliza.

"Yule," yaya akasema.

Sikujua kama nikasirike au nicheke. Nilikuwa nimesafiri katika matope ili nikatazwe kazi yangu! Lakini moyoni nilikuwa nimeruka juu. Mtoto mmoja wa jirani alitumwa shambani, na mama akaja na udongo wa mpunga miguuni, akiwa anahema. Nilimpa sabuni. Alinawa mpaka kwenye viwiko, akapiga magoti, akaweka mikono yake tumboni mwa yaya, na uso wa yaya ukalegea palepale.

Mtoto alitoka jua likiwa limepanda juu ya paa. Alikuwa wa kiume, mzito, na alilia kabla hajafutwa. Mama alimgeuza taratibu, akatazama vidole vya mikono, vya miguu, masikio, kaakaa. Alimtazama kwa muda mrefu kuliko nilivyofundishwa. Kisha akamlaza kifuani mwa yaya.

"Huyu sikumupa kitu," alisema.

"Basi mupe jina," yaya akajibu.

Mama mkwe akageuka kumtazama mumewe. Kwa watu wale jina la mtoto lilikuwa la upande wa baba, na babu ndiye aliyelitoa. Mama aliinua macho kwenda mlangoni, mikono yake bado ina damu. Baba mkwe alikuwa amesimama pale na kofia yake nyeupe. Alimtazama mjukuu, akamtazama mama.

"Mama," alisema, "tunakusikiliza."